Namna ya Kuendelea na Kazi Ukiwa kwenye Matibabu ya Ugonjwa Sugu wa Ini

Mfanyakazi mwenye homa ya ini B ya kudumu, au ambaye ini lake limekwisha kuingia sirosisi, yaani limejaa makovu, mara nyingi huharibikiwa kazini kwa sababu kliniki na dawa havikutengewa nafasi mapema, akabaki kuomba ruhusa za dharura hadi msimamizi akachoka naye. Anza basi na kalenda. Mwombe daktari ratiba ya mwaka mzima: vipimo vya damu, endoskopi (kamera ya kutazama ndani ya koo na tumbo) ikihitajika, na ultrasaundi ambayo mwenye sirosisi hufanyiwa kila baada ya miezi 6 ili saratani ya ini ikianza igundulike mapema. Omba tarehe zisizoangukia siku za kufunga hesabu, kisha uzipeleke kazini kwa maandishi na ubaki na nakala.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwasilishe cheti cha daktari, kwani bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Ugonjwa huu ni wa miaka mingi, hivyo siku hizo zitunze: kliniki ya asubuhi moja iombee ruhusa ya saa chache, likizo ya ugonjwa ibaki kwa ajili ya kulazwa. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumpangia kazi ya usiku mtu ambaye daktari amethibitisha kuwa haiwezi, na hili linawahusu sana wagonjwa wa sirosisi, ambao wengi wao usingizi huwapotea usiku na kuwaelemea mchana.

Dawa ndizo zinazogongana na kazi kila siku. Tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini B, humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo anayebadilishiwa zamu achague saa ambayo huwa macho katika zamu zote. Usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri au umesafiri kikazi. Ikikatishwa bila daktari, virusi vinaweza kuzaliana upya na ini likavimba vibaya. Dawa za kupunguza maji mwilini, kama furosemide, zina taabu ya namna nyingine. Muuza duka anayetoka Mbagala kwenda Kariakoo akimeza kidonge alfajiri, haja ndogo itambana akiwa amesimama kwenye daladala katikati ya foleni, na asipopata ushauri ataanza kuruka dozi siku za kazi, maji yarudi tumboni na miguuni. Mweleze daktari safari yako ilivyo, akuambie kama unaweza kumeza ukishafika mahali penye choo. Anayetumia lactulose, dawa ya kulainisha choo, naye alenge kupata choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku, na asiiache ili kuepuka aibu ya kutoka kwenye kikao, kwa sababu ndiyo inayomkinga asichanganyikiwe akili. Aliyewahi kuchanganyikiwa hivyo asiendeshe gari wala mashine kabla daktari hajaruhusu. Aombe kubadilishiwa kazi.

Mgongo ukiuma baada ya kubeba mizigo, usikimbilie diclofenac wala ibuprofen za duka la dawa, kwani kwa mwenye sirosisi zinaweza kuharibu figo na kuleta utokaji wa damu. Chakula usikiruke, na kabla ya kulala ule kitu kidogo.

Nionavyo mimi, msimamizi anahitaji kujua ratiba yako na kazi usizoziweza, lakini jina la ugonjwa ni siri yako mpaka utakapoona faida ya kulitaja. Ukilitaja, eleza waziwazi kwamba homa ya ini B haiambukizwi kwa kupeana mikono, kula sahani moja wala kutumia choo kimoja.

Hata hivyo, mfanyakazi mwenzako mmoja unayemwamini azijue dalili za hatari: kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa, au homa na maumivu ya tumbo lililojaa maji. Mpe namba ya simu ya nyumbani na jina la hospitali lilipo faili lako, kwa kuwa aliyechanganyikiwa hawezi kujiitia gari.