Jinsi ya kukusanya programu za zamani za uzinduzi wa minara na sanamu, kwa mtu wa Mombasa

Kila sanamu au mnara ukizinduliwa huwa kuna karatasi. Ile ya ratiba wapewa mlangoni, nani ataomba dua, nani atahutubia, bendi itapiga lini, pazia litavutwa na nani, halafu jua likichoma watu wajipepea nayo na hafla ikiisha yabaki chini ya viti. Hizo ndizo programu twazungumzia, za miaka sitini, themanini, mia na zaidi, na kwa sababu karibu zote zilitupwa, zile chache zilizopona zina wenyewe wanaozitafuta.

Kabla hujatoa hata shilingi jiwekee mpaka, manake ukisema wakusanya za dunia nzima utamaliza pesa na utabaki na rundo lisilo na kichwa wala miguu. Mimi ningemshauri mtu wa hapa aanzie na minara ya Vita vya Kwanza, kwa sababu tunayo yetu pale Mwembe Tayari, ile sanamu ya Askari ya miaka ya 1920, na ukishika hiyo unafungukiwa na ndugu zake wote, Nairobi, Dar es Salaam, halafu Cenotaph ya London iliyozinduliwa 11 Novemba 1920, Menin Gate kule Ypres, Ubelgiji, 24 Julai 1927, Thiepval Ufaransa 1932. Mwengine atapenda majengo ya mjini kwetu, kama Fort Jesus ilivyofunguliwa kuwa makumbusho 1960 baada ya kuwa jela miaka mingi. Vyote sawa, bora uwe na uzi mmoja.

Za kutafuta wapi? Maduka ya vitu vya kale Mji wa Kale, ya kuzunguka Fort Jesus na Ndia Kuu, lakini wale washazoea watalii kwa hivyo bei ya kwanza usiishike. Vitabu vya mtumba vya barabarani, pitia kurasa kwa kurasa, programu hukaa ndani ya kitabu kama alama. Ila mgodi wenyewe ni makabati ya wazee: waliofanya kazi bandarini, reli, baraza la mji, walimu wa zamani, familia ambazo babu alikuwa akialikwa kila hafla. Hapo hakuna haraka. Shikamoo kwanza, keti, kunywa kahawa, uliza habari za siku ile ilikuwaje, karatasi itakuja yenyewe au haitakuja. Na usimpunje mzee bana, kama wajua kitu kina thamani mwambie.

Onlaini ndiko ziliko za ng'ambo. Angalia bei ambazo vitu vimeuzika kweli, sio zile muuzaji anazotaja, tofauti yaweza kuwa kubwa mno. Omba picha ya mbele, nyuma, na mshono wa katikati, na mwambie aipakie katikati ya kadibodi mbili ngumu, la sivyo itakufikia imekunjwa.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Programu ni mpango, sio habari. Yasema kilichokusudiwa, sio kilichotokea, na ukilijua hilo tu utaweza kutofautisha vitu vingi. Chukua sanamu ya Liberty kule New York, 28 Oktoba 1886. Siku hiyo ilinyesha, fataki zikaahirishwa mpaka 1 Novemba, na Bartholdi, mchongaji mwenyewe wa sanamu, alivuta pazia mapema, seneta Evarts alinyamaza kidogo tu katikati ya hotuba yeye akadhani imekwisha! Karatasi iliyochapishwa kabla haiwezi kuyajua hayo. Kwa hivyo ukiletewa "programu" ina picha ya umati wa siku hiyohiyo, au hotuba zote na makofi yake, hicho ni kitabu cha ukumbusho kilichotolewa baadaye. Si kibaya, lakini si kitu kimoja na bei si moja.

Tarehe nazo zafaa kuchunguzwa. Mnara wa Washington ulizinduliwa 21 Februari 1885 kwa sababu siku ya kuzaliwa kwa Washington, tarehe 22, iliangukia Jumapili. Thiepval nao ilikuwa iwe 16 Mei 1932 lakini rais wa Ufaransa Doumer akauawa, ikasogezwa hadi 1 Agosti, basi ukiona karatasi ya Thiepval ina tarehe ya Mei usikimbilie kusema feki. Yaweza kuwa ndiyo ya kuonea fahari.

Na soma pia kisichoandikwa. Lincoln Memorial, jengo la kumkumbuka rais Lincoln kule Washington, 30 Mei 1922, Robert Moton, mkuu wa Tuskegee, chuo cha Wamarekani weusi, alikuwa kati ya wahutubiaji, na huku Wamarekani weusi waliohudhuria walitengewa sehemu yao ya kukaa. Jina lake liko kwenye ratiba, viti haviko. Za kwetu za wakati wa mkoloni zisome hivyohivyo, angalia nani katajwa kwa jina na nani kaandikwa "wenyeji" tu. Ndio maana mimi kila programu naitafutia gazeti la wiki ile.

Kujua kama ni ya kweli, nunua lenzi ya kukuzia. Picha zenye vitone vitone ni kawaida tangu miaka ya 1880, lakini herufi zenyewe zikiwa za vitone, hiyo imenakiliwa kutoka nyengine. Uchapaji wa zamani wa risasi huacha kibonyeo, pitisha kidole nyuma ya karatasi. Halafu ile taa ya kukagulia noti feki, mulika gizani: karatasi ikiwaka nyeupe ya bluu ina kemikali zilizoanza kutumika karibu na miaka ya 1950, basi haiwezi kuwa ya 1927. Isipowaka bado si ushahidi kamili, mjanja aweza kutumia karatasi kuukuu. Na ikiwa na muhuri wa maktaba au nyaraka za serikali, achana nayo, yaweza kuwa imeibwa.

Kuhifadhi ndio shida yetu pwani. Unyevu ukipita kama asilimia 65 ukungu waanza, na hapa ni kila siku karibu. Usilaminishe kabisa, usitie selotepu, mifuko laini ile inayonuka plastiki yala wino, tafuta ya polyester. Pini zenye kutu zifungue miguu kwa ndani uzitoe taratibu, usivute. Weka kwenye sanduku linalofunga vizuri na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani, mbali na ukuta wa nje na mbali na mabati, na masika ikiingia fungua kila wiki uangalie ukungu, mende na mchwa. Ulikopata na lini, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni.

Ukitaka kuuza au kutuma nje ya nchi kitu cha zamani cha hapa, pita kwanza ofisi za makumbusho pale Fort Jesus uulize kama chahitaji kibali. Na mzee akikataa kuuza, omba upige picha kurasa zote kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, kisha umpelekee nakala moja iliyochapishwa.