Kuotesha na kupanda atripleksi kwenye ardhi ya chumvi

Atripleksi (Atriplex nummularia), kichaka cha asili ya Australia kinachoweza kufikia kimo cha mita 3, husifiwa kwa kustahimili chumvi na ukame. Sifa hiyo ni ya mmea uliokwisha kushika mizizi. Mbegu na mche ni dhaifu, na kazi kubwa ya mpandaji iko hapo.

Mbegu hukaa katikati ya maganda mawili makavu yenye chumvi, na chumvi hiyo huizuia kuota mpaka mvua ya kutosha iioshe. Jangwani, kinga hiyo huiepusha na manyunyu ya kupita. Kitaluni, fanya wewe kazi ya mvua: sugua maganda yatoke, au loweka usiku kucha kwenye maji mengi, mwaga, kisha suuza mara mbili au tatu. Kabla ya hapo pasua maganda kadhaa uangalie ndani, maana mengi huwa matupu. Vichaka vingi ni vya jinsia moja, kwa hiyo mbegu huchumwa kwenye vya kike tu.

Atika kwenye viriba vyenye udongo wa kichanga, kina cha milimita 5 hivi; ukifukia sana hazichomozi. Mwagilia maji yasiyo na chumvi. Miche ikifika sentimita 15 hadi 20, punguza maji kidogo kidogo kwa wiki mbili ili ikomae kabla ya kwenda shambani.

Panda mvua zikishalowesha udongo, mita 2 kati ya miche na 3 au 4 kati ya mistari, nyasi zipate kuota katikati. Palipo na hatari ya maji kutuama, inua tuta, kwani atripleksi huvumilia chumvi kuliko inavyovumilia mizizi kuzama. Ila usipande kileleni mwa tuta: maji yakikauka huacha chumvi pale juu. Chimba kijifereji kileleni, upande ndani yake, mvua iisukume chumvi chini. Palilia nusu mita kuzunguka kila mche. Magugu huua miche mingi kuliko chumvi.

Majani yakionekana kama yamenyunyiziwa unga, usikimbilie dawa ya ukungu. Ule weupe ni vifuko vidogo ambamo mmea huhifadhi chumvi ya ziada, na pia hurudisha mwanga wa jua, jani lisipate joto kupita kiasi.

Usiingize kondoo mpaka kichaka kivutwe kwa mkono kisitikisike. Kabla ya hapo wataking'oa. Majani yana protini nzuri, lakini chumvi yake ni nyingi mno kuwa chakula pekee. Wape nyasi kavu au mabua pamoja nayo, na maji safi muda wote. Maji ya kisima chenye chumvi yatawafanya wapunguze kula. Majani yakiisha, waondoe mara moja, wasirudi mpaka yachipue upya.