Kuchanganya RAM za kasi tofauti kwenye laptopu: kinachokubali na kinachogoma

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kisumu na Nakuru huja na kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), GB 4 au 8. Ukitaka kuongeza, unakuta kilichomo kimeandikwa 2133 na dukani kimebaki cha 3200 tu. Kinunue. Mradi vyote viwili ni DDR4, yaani kizazi kimoja cha RAM, tofauti ya kasi haitakusumbua.

Kila kijiti kina chipu ndogo iliyohifadhi kasi ambazo kijiti hicho kinaweza kuhimili. Laptopu inapowashwa, BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, husoma maelezo hayo, kisha huviendesha vijiti vyote kwa kasi moja: ile ya kijiti cha polepole, au kikomo cha prosesa ikiwa kiko chini zaidi. Chukua HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Hata ukiweka 3200 mbili mpya, zitatembea kwa 2133, kwa kuwa prosesa yenyewe inaishia hapo. Basi usiongeze pesa kwa ajili ya kasi ambayo mashine haiwezi kuitumia.

Pesa hupotelea kwenye aina ya RAM. DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo la katikati haliko mahali pamoja. Kijiti kikikataa kuingia, usikilazimishe. Mtego mkubwa uko ndani ya DDR3: PC3 hutumia volti 1.5 na PC3L volti 1.35, lakini umbo ni lilelile na vyote huingia. Laptopu za Intel za kizazi cha 4 na cha 5, mfano EliteBook 840 G1 na ThinkPad T450, zinataka PC3L. Ukichomeka PC3 ya kawaida, taa zitawaka na skrini itabaki nyeusi. Kinyume chake hakina shida: PC3L hufanya kazi kwenye mashine ya zamani ya volti 1.5.

Lebo husomeka hivi: "8GB 1Rx8 PC4-2400T" ni GB 8, DDR4, kasi 2400. Herufi ya mwisho ni ya ucheleweshaji (T ni 17, V ni 19, AA ni 22), na BIOS huusawazisha yenyewe. Ukikuta PC3L-12800 au PC4-19200, gawanya kwa 8 upate kasi: 1600 na 2400. Aliye Bungoma au Kakamega anayeagiza kwa simu na kuletewa kifurushi kwa matatu apige picha ya lebo kwanza na kumtumia muuzaji. Nauli ya kurudisha kijiti kisichofaa inauma.

Hesabu nafasi kabla ya kulipa. ThinkPad X240, X250 na X260 zina nafasi moja tu, kwa hiyo hakuna cha kuchanganya. T470s ina RAM iliyochomelewa kwenye ubao pamoja na nafasi moja, na hapo kijiti kipya huchanganyika na ile ya ubao kwa kanuni ileile.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kwenye ThinkPad zenye betri ya ndani, ingia BIOS, sehemu ya Config kisha Power, uzime betri hiyo kabla ya kufungua kifuniko. Gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli ukutoke, hasa miezi mikavu ya Januari na Februari. Nakuru, angalia pia vumbi ndani ya soketi na ulipulize. Shika kijiti kwa kingo, kiingize kikiwa kimeinama kama digrii 30 hadi pini za dhahabu zikaribie kuzama zote, kisha kilaze mpaka vibano vya pembeni vilie "tak". Kisipolia, hakijaingia, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Mara ya kwanza kuwaka huweza kuchelewa, kwani BIOS inapima RAM upya. Subiri dakika mbili tatu kabla ya kuhofu. Mashine nyingine hutoa ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, kubali uendelee.

Ndani ya Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha Memory, usome kasi. Programu ya CPU-Z huonyesha nusu yake, 1200 kwa RAM ya 2400, na wengi hurudi dukani wakidai wameibiwa. Hawajaibiwa: DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo wa saa. Lakini ukiona GB 4 tu ndizo zinazotumika, huenda Windows ni ya biti 32, na hapo hakuna kijiti kitakachosaidia.

GB 4 pamoja na GB 8 ni mchanganyiko mzuri tu. Kwenye prosesa za Intel, GB 8 za kwanza hutumia njia mbili za data kati ya RAM na prosesa kwa pamoja na GB 4 zinazobaki hutumia moja. Kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa, njia hiyo ya pili ina faida kubwa kuliko kutoka 2133 hadi 2400.

Skrini ikibaki nyeusi au mashine ikilia milio, toa vyote, futa pini kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, kisha jaribu kijiti kimojakimoja katika kila nafasi. Kila kimoja kikiwaka peke yake na viwili vikagoma, weka toleo jipya la BIOS chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati unaweza kuua ubao. Ikiwa inawaka lakini inaganda au kuleta skrini ya buluu, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kukirudisha kijiti dukani.