Somo: Kutafuta jina la kwao bibi katika daftari za parokia za Uingereza

Somo hili linamfaa anayejua jina la kwanza la bibi na jina la mume, ila jina la ukoo aliozaliwa lina shaka: limeandikwa kwa namna mbili tatu, au mti wa ukoo wa mtandaoni unalitaja bila kuonyesha limetoka wapi. Linahusu parokia za Kianglikana za England na Wales kabla ya usajili wa serikali, ulioanza 1 Julai 1837. Kama hata mtoto wake mmoja alisajiliwa baada ya tarehe hiyo, agiza kwanza cheti cha kuzaliwa cha huyo, kwa sababu kina jina la kwao mama. Ukikuta «formerly», linalofuata ni jina la kuzaliwa. «Late» hutangulia jina la mume wa awali.

1. Ubatizo wa watoto wote. Usiishie kwa mtoto unayetokana naye. Kwa kawaida mama ameandikwa jina la kwanza tu, na fomu za kuchapwa zilizoanza 1813 hazikubadili hilo. Lakini yapo maeneo yenye neema. Baadhi ya parokia za Yorkshire zilifuata mtindo wa kasisi William Dade, kuanzia miaka ya 1770 hadi 1812, na humo utakuta hata wazazi wa mama. Durham na Northumberland, kati ya 1798 na 1812, nako waliandika jina la kwao mama. Mtoto mmoja aliyebatizwa huko katika miaka hiyo anaweza kumaliza kazi yote.

Ukiona pengo la miaka kadhaa kati ya mtoto na mtoto, pekua mazishi: huenda mke wa kwanza alifariki, na wa pili naye akaitwa Mary.

2. Ndoa. Anzia ubatizo wa mtoto wa kwanza, rudi nyuma miaka mitano, kisha kumi. Usiruke miezi ya karibu. Maharusi wengi walifika kanisani wakiwa wajawazito. Tafuta parokia ya mume, halafu zinazopakana nayo, kwa kuwa mara nyingi ndoa ilifungwa kwao bibi harusi. Tangu 25 Machi 1754, Sheria ya Ndoa ya Hardwicke ilipoanza kutumika, utapata parokia ya kila mmoja, kama walitangazwa kanisani au walitumia leseni (kibali cha kuoana bila matangazo), sahihi au alama zao, na mashahidi wawili. Kabla ya hapo mara nyingi kuna majina na tarehe, basi. Kitabu cha matangazo nacho kisomwe, maana tangazo lilisomwa Jumapili tatu katika parokia zote mbili, na kasisi wa upande wa pili huenda aliandika jina kwa tahajia nyingine.

3. Je, alikuwa mjane? Hapa ndipo miti mingi ya ukoo inapoharibika. Mjane aliolewa tena kwa jina la marehemu mumewe, kwa hiyo jina lililo kwenye ndoa ni sahihi kabisa na bado si la kwao. Tena kasisi hakuandika «widow» kila mara. Kama walitumia leseni, tafuta hati ya kiapo: hutaja hali ya kila mmoja, na mara nyingi umri. Hadi 1823 iliambatana na hati ya dhamana, na mdhamini aweza kuwa jamaa. Ukishuku ujane, tafuta ndoa ya awali ya mwanamke mwenye jina hilo la kwanza na mwanamume wa ukoo huo, kisha mazishi ya mwanamume huyo kati ya ndoa mbili. Hadi vyote viwili vipatikane, dai la ujane libaki dhana.

4. Tahajia. Kasisi aliandika alivyosikia. Pearce, Pearse, Peirce na Pierce ni ukoo mmoja hadi ithibitike vinginevyo. H ya mwanzo huja na kuondoka, hivyo Alsop atafutwe pia kwenye Halsop. Faharasa ya majina ikuongoze tu. Jina lisome kwenye picha ya ukurasa, ulinganishe herufi yenye utata na majina mengine ya mkono uleule. Kisha tazama nakala ya kila mwaka iliyopelekwa kwa askofu. Kama bibi alitia sahihi mwenyewe, tahajia yake ina uzito kuliko ya karani.

5. Kuondoa wasiohusika. Orodhesha wasichana wote waliobatizwa kwa jina hilo katika eneo hilo. Mfute aliyezikwa utotoni na aliyeolewa na mwingine. Umri kwenye mazishi, ulioandikwa rasmi tangu 1813, husaidia, ila uruhusu kosa la miaka michache. Ushahidi mzito kuliko wote ni wosia wa baba unaomtaja binti pamoja na mumewe.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Ndoa inayolingana ni moja tu. Niikubali?*
Bado, ndugu. Hakikisha kwanza faharasa yako inajumuisha parokia zote jirani kwa miaka hiyo. Mara nyingi iko moja kwa sababu nyingine hazijaingizwa.

*Mtoto wa tatu ana jina la kati Alsop. Si ndilo la kwao mama?*
Huenda. Laweza pia kuwa la msimamizi wa ubatizo, la bibi upande wa baba, au la tajiri aliyeheshimiwa. Anzia hapo kutafuta, ila usiliandike kwenye mti.

*Mwaka 1645 hadi 1660 kurasa ni tupu.*
Ni athari za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia 1653 hadi 1660 uandikishaji uliwekwa mikononi mwa maofisa wa kiraia, na daftari zao nyingi zimepotea. Nakala za askofu nazo hazitakusaidia kwa kipindi hicho. Nenda kwenye wosia.

*Ndoa ni Mei 1721, lakini mtoto amebatizwa Februari 1721. Nimekosea familia?*
La, dada. England hadi 1751 mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo ilikuja miezi tisa baada ya Mei. Iandike Februari 1721/22.