Fetus au foetus? Namna ya kuandika na kutafuta

Ukitaja kijusi kwa Kiingereza, andika fetus, hata kama tasnifu yako inafuata tahajia ya Uingereza. Wengi hudhani foetus ni ya Waingereza na fetus ni ya Wamarekani, kama ilivyo kwa oedema na edema (uvimbe wa maji). Sivyo. Oedema, oesophagus na diarrhoea yametoka Kigiriki, na oe yao inatokana na oi ya Kigiriki. Hayo yaache yalivyo. Fetus ni Kilatini tupu, maana yake uzao au kuzaa, na Warumi wa kale waliliandika kwa e. Ile o ilipachikwa baadaye. Isidore wa Sevilla, askofu na mwanachuoni aliyefariki mwaka 636, alilinasibisha neno hili na kitenzi foveo, kutunza kwa joto, nasaba ambayo wanaisimu wa leo hawaikubali. Waitalia na Wahispania wanasema feto. Kwa hiyo oedema na fetus vikikaa kwenye sentensi moja hakuna kasoro, na msimamizi akivizungushia wino mwekundu, hoja unayo. Anayeandika Kifaransa, awe Bujumbura au Kinshasa, abaki na fœtus. Ndiyo tahajia ya lugha hiyo.

Wingi kwa Kiingereza ni fetuses. Feti ni kosa: kwa Kilatini wingi wenyewe ni fetus vilevile.

Ukisahihisha rasimu, usibadilishe foet kuwa fet kwa mkupuo. Pitia moja moja, hasa ukiwa mtu wa mifugo. Tritrichomonas foetus, kimelea kinachofanya ng'ombe watupe mimba, ni jina la kisayansi na haliguswi. Campylobacter fetus, bakteria wa balaa hilohilo, huandikwa kwa e. Vichwa vya makala kwenye marejeo navyo vibaki kama vilivyochapishwa.

Kwenye kutafuta mambo hugeuka: huko unahitaji tahajia zote. Katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, andika, pamoja na mabano:

(fetus OR foetus OR fetal OR foetal)

Ongeza fetuses na foetuses ukitaka kukamilisha. Usijaribu njia ya mkato ya fet*, ambamo nyota husimama badala ya herufi zozote zinazofuata, maana inahitaji angalau herufi nne kabla yake. Foet* itakubaliwa, ila itakuletea na foetor, harufu mbaya. Tena nyota, sawa na alama za kunukuu, huzuia mfumo kuliunganisha neno lako na istilahi rasmi za faharasa, ambako kijusi kimeorodheshwa kwa jina la Fetus.