Mkufu wa shanga za karatasi hadi meza ya maonyesho Kampala

Mkufu unaonata shingoni mwa mteja haukuharibika siku ya soko. Uliharibika siku nne kabla, pale vanishi ilipopakwa juu ya gundi mbichi. Meza nayo hula hasara kwa namna hiyohiyo: bei ilikosewa nyumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya nyumbani.

Tafuta karatasi nzito inayong'aa: kalenda za mwaka jana, mabango, vijitabu vya matangazo. Kampala, wengi huanzia Nasser Road kwa wachapaji, ambako mabaki ya mashine hayakosekani. Gazeti liache, hunywa vanishi na kugeuka rangi ya majivu.

Chukua A4. Kwenye ukingo mfupi wa chini, wa sentimita 21, tia alama kila sentimita 1.5 kuanzia kona. Kwenye ukingo wa juu, alama ya kwanza iwe 0.75, kisha kila 1.5. Piga mistari ya kupanda na kushuka kuunganisha alama hizo, kisha kata kwa kisu na rula ya chuma, mkasi hupinda. Utapata pembetatu 27 kamili na vipande viwili vyembamba vya pembeni, vya kutupa. Upana wa kitako cha pembetatu ndio urefu wa ushanga, kwa hiyo ukitaka ushanga mfupi punguza kitako.

Viringisha kwenye spoku ya baiskeli, ukianza na kitako. Mzunguko wa kwanza usitie gundi, la sivyo ushanga utaganda kwenye spoku. Kuanzia hapo paka gundi nyeupe kidogo, vuta karatasi ikaze, na hakikisha ncha inaishia katikati kabisa. Ncha ikihama hata milimita mbili, ushanga hutoka na bega moja. Ukilegeza mkono, vanishi huingia kati ya matabaka na kuacha madoa.

Acha gundi ikauke usiku mzima. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ipe siku mbili. Unyevu ukifungiwa chini ya vanishi hutoka kama ukungu mweupe, na ukungu huo hauondoki hata upake mara tano.

Tunga shanga kwenye mshipi wa kuvulia samaki, zichovye kwenye vanishi, kisha funga mshipi ulale kama kamba ya kuanikia nguo. Tenganisha shanga zisigusane. Baada ya dakika kumi zungusha kila moja kidogo, vinginevyo vanishi itaziba tundu na kuugandisha ushanga kwenye mshipi. Paka mara tatu, nyembamba, kila safari ukisubiri iliyotangulia ikauke. Mimina vanishi kidogo kwenye kikombe na funika kopo. Kopo likikaa wazi vanishi huwa nzito kama asali. Vanishi ya mafuta hufanya nyeupe kuwa manjano, na hushika moto haraka, kwa hiyo usiipake karibu na sigiri.

Kipimo ni dole gumba. Bonyeza kwa nguvu. Alama ikibaki, bado. Ukifungasha kabla ya hapo, joto la mfukoni litazigandisha zote kuwa donge moja.

Sasa bei. Mkufu wa sentimita 60 wenye ushanga mdogo wa kioo wa milimita 3 kati ya kila shanga mbili hutaka shanga za karatasi 33 hivi, yaani karatasi moja na robo, pamoja na zile zitakazokataliwa karatasi moja na nusu. Tuseme vifaa vyote pamoja na kifungio, lebo na bahasha ni shilingi 3,000. Kazi ni saa mbili. Ukijilipa 3,000 kwa saa, ni 6,000. Meza ya maonyesho ni 150,000 na unatarajia kuuza vitu 30: kila kimoja kinabeba 5,000. Hapo umefika 14,000 na bado huna faida. Andika 20,000. Wengi hupiga hesabu ya vifaa tu, wakauza 8,000, wakafurahi kuona meza imeisha. Hiyo si biashara, ni kugawa saa zako.

Usisahau duka. Mwenye duka anataka bei ya jumla, na wengine hutaka mali kauli, yaani wachukue mzigo sasa walipe ukiuzwa. Kubali mali kauli kwa karatasi iliyosainiwa tu, yenye idadi, bei na tarehe ya kuhesabu. Na ukiuza mezani 15,000 kitu ambacho dukani kinauzwa 25,000, mwenye duka atakusikia kabla ya jioni.

Mteja wa Kampala atasema "salaako", yaani punguza kidogo. Usikasirike, ndiyo mazungumzo. Amua mapema mahali pa mwisho pa kushuka, mathalani 18,000, na punguzo likubwa zaidi liwe kwa anayechukua vitatu. Hereni za bei ndogo weka mbele: ndizo zinazofungua pochi ya aliyekuja kutazama tu.

Kabla ya kulipia meza, uliza mambo manne: ukubwa wake, kama hema lipo, kama umeme upo, na wauzaji wangapi wa shanga wamekwisha kubaliwa. Meza sita za shanga kwenye ua mmoja ni vita ya bei.

Mvua ya alasiri huja na upepo. Hema lako lifunge kwa jerikeni za lita 20 zilizojaa maji, moja kila mguu. Hiyo ni kilo 20 kila kona. Beba turubai la pili la kufunika meza. Kitambaa cha meza kishuke hadi chini ili kifiche maboksi. Usitandaze vyote bapa: panga makreti chini ya kipande cha lubugo, mikufu iwe usawa wa macho. Lubugo ni kitambaa kinachotoka kwenye gome la mti wa mutuba na UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005; mgeni akiuliza kitambaa gani hicho, umeshapata mazungumzo. Bei iandikwe kwenye kila kitu. Wengi huona haya kuuliza, wakapita.

Ukiuza pia mikufu ya mbegu, msafiri wa kwenda Australia mwambie ukweli: forodha ya kule inataka vitu vya mimea vitajwe, na vinaweza kuchukuliwa.

Chenji: noti za 1,000, 2,000 na 5,000, za kutosha asubuhi nzima, kwa sababu mteja wa kwanza mara nyingi hushika 50,000. Noti hiyo itazame kwenye mwanga kabla ya kurudisha kitu. Malipo ya simu yasubiri ujumbe kwenye simu yako wewe, si kwenye skrini ya mteja, na salio likague kwa *165# (MTN) au *185# (Airtel). Akipiga baadaye mtu anayedai alituma kimakosa, usirudishe pesa kwa namba anayokutajia; mpeleke kwa kampuni ya simu. Mtandao ukijaa watu huganda, hivyo laini mbili ni bora kuliko moja.

Daftari la siku liwe na safu tatu: kilichouzwa, bei iliyolipwa, na kilichoulizwa kikakosekana. Safu ya tatu ndiyo ya kuisoma usiku. Watu saba wakiuliza bangili ya mtoto na wewe hukuwa nayo, kata pembetatu zenye kitako cha sentimita moja kesho asubuhi.