Minyoo ya mbwa: usingoje tumbo la mtoto livimbe

Mbwa wa shamba huku kwetu Malindi ana kazi. Kuanzia Ganda na Kakuyuni hadi Jilore na Langobaya, yeye ndiye anayelala karibu na zizi la mbuzi, na mahindi yakianza kubeba ndiye anayefukuza nyani wanaotoka msitu wa Arabuko-Sokoke. Lakini ukiuliza mbwa huyo alipewa dawa ya minyoo lini, jibu huwa ni kwamba hajaugua bado. Mbuzi ana ratiba yake, kuku ana chanjo yake, mbwa anangojewa mpaka aanguke. Ombi langu kwa wafugaji ni moja: dawa ya mbwa ifuate kalenda, isifuate dalili. Minyoo inayoua watoto wa mbwa huwa imeshawaingia kabla hawajafumbua macho.

Mbwa jike aliyewahi kupata minyoo ya mviringo (Toxocara canis) hubaki na lava zake, yaani minyoo michanga, zimelala ndani ya misuli na viungo. Dawa ya kawaida haiziondoi huko. Akishika mimba, ambayo kwa mbwa huchukua takriban siku 63, lava hizo huamka katika wiki tatu za mwisho, zikavuka kondo na kuingia katika maini ya watoto walio tumboni. Nyingine hupitia kwenye maziwa. Mtoto wa mbwa basi huzaliwa akiwa na minyoo tayari, na akifika wiki tatu anaweza kuanza kutoa mayai ya minyoo hiyo kwenye kinyesi. Mama mwenyewe wakati huo anaweza kuwa mnene, manyoya yanang'aa, hana dalili yoyote.

Bibi mmoja wa Kakuyuni alinionyesha watoto wa mbwa wake kwa furaha. "Mwanangu, hawa wameshiba maziwa," akaniambia. Nikamwomba amnyanyue mmoja. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, lakini mgongoni ungeweza kuhesabu pingili za uti, na manyoya yalikuwa makavu, yamesimama. Mtoto aliyeshiba maziwa hunona mwili mzima. Mwenye minyoo hujaa tumbo peke yake, hutapika mara kwa mara, na wakati mwingine hukohoa kwa sababu lava hupita mapafuni kabla ya kurudi utumbini. Tuliwapa dawa, na kesho yake walitoa minyoo myeupe iliyojiviringisha, mingine ikiwa bado hai. Mnyoo mzima wa aina hii hufika sentimita 10 hadi 18. Ukiiona imetoka namna hiyo usishtuke, dawa imefanya kazi. Ikusanye yote uichome au uitupe chooni, maana jike mmoja hutaga makumi ya maelfu ya mayai kwa siku na hutaki yabaki uani.

Safura ya mbwa ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa watoto wadogo wa mbwa. Mnyoo wenyewe ni mdogo, sentimita moja au mbili tu, lakini unang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Watoto huupata kwa kunyonya maziwa ya mama, na wanaweza kufa wakiwa na wiki mbili au tatu, kabla hata yai moja halijaonekana kwenye kinyesi. Ndiyo maana kipimo cha kinyesi kwa mtoto wa umri huo kinaweza kukudanganya. Tazama fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole kisha achia. Kwa mbwa mzima wa afya rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zikiwa nyeupe, na kinyesi kikiwa cheusi chenye kunata, mtoto huyo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ya minyoo itaiua minyoo, lakini haitamrudishia damu iliyokwisha kunyonywa.

Mbwa mkubwa hupata safura pia kupitia ngozi, na hapa mazingira yetu yanaisaidia sana. Lava za safura hupenda mchanga wenye joto, unyevu na kivuli. Fikiria mbwa wa Malindi saa saba mchana mwezi wa Februari anaenda wapi: chini ya mkorosho au mwembe, au kwenye kile kidimbwi kinachotokana na maji ya bafu la makuti, anachimba shimo na kulaza tumbo. Kama yeye au mwenzake alinya karibu na hapo wiki iliyopita, amelalia lava. Elekeza maji ya bafu kwenye migomba, na mtengenezee mbwa mahali pakavu pa kulala, ikiwezekana kichanja kidogo cha mbao chenye kivuli juu na hewa chini. Ni kazi ya asubuhi moja.

Lava hizo hizo hazichagui mguu wa nani. Binadamu akikanyaga pekupeku au akikaa kwenye mchanga wenye kinyesi cha mbwa, huingia kwenye ngozi na kutambaa chini yake, zikiacha mstari mwekundu uliopindapinda unaowasha vibaya usiku. Vijana wanaofanya kazi ufukweni wanaujua, na wageni pia huondoka nao. Mayai ya minyoo ya mviringo nayo, yakimezwa na mtoto anayechezea udongo, huanguliwa, na lava zinaweza kufika kwenye ini, mapafu au jicho. Jirani ambaye dini yake inamweka mbali na mbwa bado anahusika, kwa sababu mvua za Aprili na Mei zinapoteremsha maji kutoka ua mmoja hadi mwingine, mayai husafiri nayo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, mboga na maembe ya kuokota yaoshwe.

Sasa tuje kwenye tegu, ambapo lawama ni yetu zaidi kuliko ya mbwa. Aina moja ni ile ya viroboto (Dipylidium caninum). Mbwa anapojikuna kwa meno humeza kiroboto chenye tegu ndani yake, na baada ya wiki chache utaona vipande vidogo kama punje za mchele vikitembea kwenye manyoya ya mkiani au juu ya kinyesi kibichi. Ukimpa dawa ya tegu bila kuua viroboto, mwezi ujao utaviona tena.

Aina nyingine mbwa huzipata kwa kula nyama mbichi ya mifugo yetu, hasa mapafu, maini na vichwa. Angalia matanga yoyote huku bara, au siku ya Idi ya kuchinja: mbuzi anachunwa chini ya mti, mbwa wamekaa duara, na kila kipande kibaya kinarushiwa wao. Kile kipande cha ini chenye uvimbe uliojaa maji, ambacho mpishi amekikata kwa sababu hakipendezi machoni, ndicho hasa mbwa asichopaswa kukigusa. Ndani ya uvimbe huo mna vichwa vya tegu wengi mno. Tegu huyu (Echinococcus granulosus) ndani ya mbwa ana urefu wa milimita chache tu, si rahisi kumwona kwa macho, na mbwa haugui. Lakini mayai yake yakimfikia binadamu kupitia mikono, maji au mboga, hujenga uvimbe wa namna hiyo hiyo kwenye ini au mapafu yake, ukikua polepole kwa miaka. Kenya tatizo hili linajulikana zaidi Turkana na Umaasaini, lakini mifugo husafiri hadi masoko ya Pwani, na mbuzi wakibaki na mbwa wanaokula matumbo, mzunguko unaweza kuendelea popote.

Kuna tegu mwingine ambaye mtoto wake huenda kwenye ubongo wa mbuzi au kondoo. Mnyama huyo huzunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, akigonga miti kana kwamba haoni. Wafugaji wengi humchinja, na kichwa wakampa mbwa. Hapo mbwa anampata tegu huyo upya, na kundi zima la mbuzi linangoja zamu. Kichwa hicho kizikwe au kichomwe.

Kwa hiyo, kabla ya sherehe, chimba shimo. Liwe la kina cha mita moja hivi, na kila kilichokatwa kwa ubaya kiingie humo, kifunikwe kwa udongo na mawe au miiba ili mbwa wasifukue. Ukitaka kuwapa mbwa matumbo, yakate vipande vidogo na yachemke kwa zaidi ya nusu saa. Kama fedha zako zinatosha mambo mawili tu kwa mwaka, mimi ningechagua shimo hili na dawa ya watoto wa mbwa wakiwa na wiki mbili.

Ratiba yenyewe si ngumu. Watoto wapewe dawa ya maji yenye pairanteli wakiwa na wiki 2, kisha 4, 6 na 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Baada ya hapo, kila miezi 3. Mama apewe siku zile zile za watoto, kwa kuwa huwalamba na kumeza mayai yao. Mbwa anayezurura machinjioni au anayefuata mifugo aongezewe prazikwanteli, inayoua tegu, kila wiki 6. Vidonge vingi vya mchanganyiko vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo hutolewa kimoja kwa kilo 10 za uzito, lakini soma lebo kila mara, na umpime mbwa badala ya kukisia. Mtoto mtie kwenye kikapu umtundike kwenye mizani ya dukani. Mbwa mkubwa mbebe usimame naye kwenye mizani, kisha utoe uzito wako. Dawa ya maji itie pembeni mwa shavu polepole, asije akapaliwa.

Tafadhali usimpe mbwa dawa ya mbuzi iliyobaki kwenye chupa. Levamizoli ina nafasi finyu sana kwa mbwa kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachoua, albendazoli inaweza kuharibu uboho wake, na sindano ya aivamektini ya ng'ombe humfikisha mbwa kwenye sumu kwa kosa dogo la kipimo.

Kinyesi kizolewe kila siku, kwa sababu yai la safura huhitaji siku chache tu kufikia hatua ya kuambukiza na lile la minyoo ya mviringo wiki mbili au zaidi. Ukizoa leo, umeyawahi yote mawili. Kitupe chooni, kisiingie kwenye mbolea ya mchicha. Jua kali na mchanga mkavu huua lava za safura, lakini yai la minyoo ya mviringo hustahimili miaka, na hata jiki hailiui. Sakafu ya banda imwagie maji yanayochemka.

Yako mengine nitayataja kwa ufupi. Wenzetu wa Lamu wana mnyoo wa ziada, Brugia patei, ulioelezwa na wanasayansi mwaka 1958 kutoka kisiwa cha Pate. Huishi kwenye mishipa ya limfu ya mbwa na paka na huenezwa na mbu. Upo pia mnyoo mrefu wa kooni, Spirocerca lupi, ambao mbwa huupata kwa kula mende wa mavi. Mbwa mzima anayekonda huku akirudisha chakula bila kichefuchefu achunguzwe.

Na kama mtoto wa mbwa amemaliza dawa zake zote lakini bado anaharisha uteute au damu, usirudie dozi. Huenda ni koksidia au jiadia, vijidudu ambavyo dawa ya kawaida ya minyoo, kwa dozi yake ya kawaida, haiviondoi. Chukua kinyesi kilichotoka asubuhi hiyo, ukitie kwenye kichupa safi chenye kifuniko, ukiweke mbali na jua, na ukifikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.